Tambi za Supu na Pilipili: Jinsi Zilivyoingia Jikoni

Tambi za supu yenye pilipili ni chakula cha dakika chache: maji yachemke, tambi ziive, kiungo kikali kikorogwe ndani ya supu, na watu waketi wale. Wepesi huo ni mpya kuliko vitu vinavyouunda. Tambi zina umri wa maelfu ya miaka, pilipili ilifika Asia katika karne ya 16, na viungo vilivyokwisha kutayarishwa, vya mtungini na vya pakiti, vimeenea katika karne mbili hivi zilizopita. Kwa hiyo historia ya chakula hiki ni historia ya jinsi kazi ya kusaga, kukanda, kuponda na kuchemsha ilivyotolewa jikoni hatua kwa hatua. Pia ni historia ya pilipili, iliyoanza kama kitoweo cha wasio na chumvi wala nyama, kisha ikatafutwa kwa ladha yake yenyewe.

Unga, maji na mchuzi wa nyama (hadi karne ya 6)

Tambi za kale zaidi zinazojulikana zilifukuliwa Lajia, karibu na Mto Huang He katika jimbo la Qinghai, kaskazini-magharibi mwa China. Bakuli la udongo lililopinduka chini ya takriban mita 3 za tope lilikuwa limezifunika tambi nyembamba za manjano, zenye urefu wa hadi sentimita 50 na umri wa miaka 4,000 hivi. Watafiti waliotangaza ugunduzi huo mwaka 2005 katika jarida la Nature walisema zilitengenezwa kwa nafaka ndogondogo za jamii ya mawele. Wengine walitilia shaka maelezo hayo, kwa kuwa unga wa nafaka hizo hauna gluteni, na donge lisilo na gluteni halivutiki bila kukatika.

Ngano ndiyo iliyozifanya tambi kuwa chakula cha wengi. Katika enzi ya Han (206 KK–220 BK) mawe ya kusagia ya kuzungushwa yalienea kaskazini mwa China, na ngano, ambayo ilikuwa ikipikwa punje nzima na kuwa ngumu kutafuna, ikaanza kuliwa kama unga. Karibu na mwaka 300 mshairi Shu Xi alitunga utenzi wa kusifu vyakula vya unga, akataja supu yenye vipande vya unga kuwa ndiyo inayofaa kuliko vyote wakati wa baridi kali.

Maelezo ya mapishi yenyewe yamo katika kitabu cha kilimo cha Jia Sixie, Qimin Yaoshu, kilichoandikwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 6. Unga huchekechwa kwa kitambaa cha hariri, kisha hukandwa kwa mchuzi wa nyama uliopoa. Donge husokotwa hadi unene wa kijiti cha kulia, likakatwa vipande vya urefu wa chi moja, kipimo cha Kichina cha kati ya sentimita 25 na 30, na vipande vikalowekwa katika sinia ya maji. Mpishi huvichukua kimoja kimoja, akavibana kwa vidole juu ya chungu kinachotokota hadi viwe vyembamba, akavidondosha humo. Ladha iliingizwa ndani ya unga wenyewe kabla ya tambi kufika motoni. Hiyo ilikuwa kazi ya hatua nyingi.

Ukali kabla ya pilipili (960–1500)

Chini ya nasaba ya Song (960–1279) tambi zilitoka majumbani zikaingia mitaani. Kaifeng, uliokuwa mji mkuu, ulijaa maduka ya vyakula yaliyouza mabakuli ya tambi usiku na mchana. Mwaka 1127 majeshi ya Wajurchen kutoka kaskazini yaliuteka mji huo, na serikali ikakimbilia kusini hadi Hangzhou. Wakimbizi wa kaskazini walikwenda na mapishi yao katika nchi ya wali, na mahitaji ya ngano yakapanda huko kusini. Tangu hapo tambi na supu zake zilikuwa chakula cha China nzima.

Ukali wa wakati huo haukutokana na pilipili. Wapishi walitumia tangawizi, kitunguu saumu na matunda machungu ya mti wa zhuyu. Walitumia pia huajiao, punje ndogo nyekundu za Sichuan zinazotia ulimi ganzi. Waliojiweza waliongeza pilipili manga iliyosafirishwa kutoka India na nchi za kusini, lakini hiyo ilinunuliwa kwa bei ya bidhaa ya ng’ambo. Mlaji wa kawaida aliyetaka supu kali alitegemea kile kilichoota karibu na nyumba yake, na hapo ndipo pilipili ilipokuja kujaza pengo.

Pilipili yavuka bahari (1492–1750)

Asili ya pilipili kali ni bara la Amerika. Wakulima wa Mexico walikuwa wakiilima kwa maelfu ya miaka kabla Christopher Columbus hajafika visiwa vya Karibi mwaka 1492, akitafuta njia ya kuifikia Asia na viungo vyake. Mbegu zilipelekwa Hispania, na Wareno wakazisambaza kwa merikebu zilizopita Msumbiji na Mombasa kuelekea Goa, waliyoiteka mwaka 1510, na Melaka, waliyoiteka mwaka 1511. Ndani ya vizazi vichache pilipili ilikuwa imeota pwani ya Afrika Mashariki, India na Asia ya Kusini-mashariki.

China iliipokea taratibu. Maandishi ya kwanza yanayojulikana huko ni ya mwaka 1591, ya Gao Lian, mwandishi wa Hangzhou. Aliieleza kuwa mmea wa maua meupe, wenye tunda linalofanana na ncha ya brashi kuukuu ya kuandikia, jekundu, kali na la kupendeza kwa macho. Kwake ulikuwa mmea wa bustani, na hakutaja kuupika. Huko Korea, msomi Yi Su-gwang aliandika mwaka 1614 kwamba pilipili ilitoka Japani, nchi iliyokuwa imeivamia Korea kati ya 1592 na 1598, akaonya kuwa ina sumu kali. Aliongeza kwamba wenye vilabu vya pombe walikuwa wakiipanda na kuitia katika pombe.

Huko China, aliyeigeuza pilipili kuwa chakula ni mtu maskini wa milimani. Guizhou, jimbo la ndani kusini-magharibi mwa China, halikuwa na chumvi yake. Chumvi ililetwa kutoka Sichuan kwa migongo ya wanyama na watu, na bei yake ilipanda kwa kila mlima uliovukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1720 kumbukumbu za wilaya huko zilieleza kwamba Wamiao, wenyeji wa huko, walikula pilipili mahali pa chumvi. Mmea huo ulihitaji kipande kidogo tu cha ardhi, ulizaa sana, ulikaushwa juani ukadumu mwaka mzima, na ulikifanya chakula cha nafaka tupu kishuke kooni. Kwa sababu hizo ulienea haraka katika maeneo ya ndani yenye dhiki, na ukachelewa katika miji tajiri ya pwani.

Mitungi ya Sichuan (1700–1900)

Vita vya katikati ya karne ya 17 vilipunguza sana watu wa Sichuan. Watawala wapya wa nasaba ya Qing waliwahimiza wakulima wa Hunan, Hubei na majimbo mengine kuhamia huko, na wahamiaji wakaja na mbegu za pilipili. Hapo pilipili ilikutana na huajiao, na mkutano huo ukazaa ladha ambayo Sichuan inajulikana kwayo hadi leo: kali na ya ganzi kwa pamoja.

Mchango mkubwa zaidi wa Sichuan kwa jiko la nyumbani ulikuwa kuitia ladha hiyo mtungini. Katika wilaya ya Pixian, karibu na Chengdu, maharage mapana yalichachushwa pamoja na pilipili na chumvi katika mitungi mikubwa iliyowekwa uani. Mitungi ilifunuliwa juani mchana, ikafunikwa mvua iliponyesha, na rojo likakorogwa siku baada ya siku kwa mwaka mmoja au zaidi, hadi likawa jekundu la kahawia na lenye harufu nzito. Katika karne ya 19 rojo hilo lilikuwa bidhaa ya dukani. Mpishi aliyelinunua alinunua kazi ya mwaka mzima: kijiko kimoja kikikaangwa katika mafuta kabla ya kumimina maji, supu ya maji matupu hupata rangi, chumvi, ukali na ladha ya nyama isiyokuwemo.

Kiungo cha pili ni mafuta ya pilipili. Pilipili kavu husagwa chengachenga na kuwekwa katika bakuli lisiloyeyuka, pengine pamoja na ufuta. Mafuta hupashwa moto hadi yaanze kutoa moshi, huepuliwa na kuachwa yapoe kidogo, kisha humiminwa juu ya pilipili kwa awamu. Yakiwa moto mno, pilipili huungua ikawa nyeusi na chungu. Yakiwa baridi, hayatoi rangi wala harufu. Mafuta yaliyotengenezwa vizuri hukaa wiki kadhaa, na familia hutengeneza chupa moja ya kutumia kila siku.

Wachuuzi wa Sichuan ndio waliouonyesha umma jinsi viungo vilivyokwisha kutayarishwa vinavyorahisisha mambo. Walizunguka mitaani na mzegazega begani, upande mmoja jiko na chungu, upande wa pili tambi, mabakuli na viungo. Kwa kuwa hawakuweza kubeba sufuria za mchuzi wa aina nyingi, walitia viungo chini ya bakuli kwanza: sosi ya soya, siki kidogo, mafuta ya pilipili, kitunguu saumu kilichopondwa na unga wa huajiao. Tambi zilizochemshwa zilifuata juu yake, na mlaji alichanganya mwenyewe. Tambi za dandan, zilizopewa jina la mzegazega huo, zilianza hivyo. Utaratibu wa kutia viungo chini ya bakuli ulihamia majumbani kwa sababu hauhitaji zaidi ya sufuria moja na moto mmoja.

Kinu na tui la nazi

Huko Asia ya Kusini-mashariki, njia ilikuwa nyingine. Wafanyabiashara wa Kichina waliolowea Melaka, Penang, Singapore na Java walioa wanawake wa huko, na katika nyumba zao, za jamii iitwayo Peranakan, tambi za Kichina ziliingizwa katika mchuzi wa Kimalay. Hicho ndicho chanzo cha laksa. Viungo vyake hupondwa kwenye kinu: pilipili, vitunguu vidogo, mchaichai, manjano, galanga ambayo ni jamii ya tangawizi, na uduvi uliochachushwa na kukandwa kuwa donge. Rojo hukaangwa kwa moto mdogo mpaka mafuta yapande juu, dalili ambayo mpishi wa pwani ya Afrika Mashariki anaitambua, kisha hutiwa tui la nazi.

Penang ilijijengea laksa yake isiyo na nazi. Samaki huchemshwa na kuchambuliwa, mchuzi wake ukatiwa ukwaju hadi uwe mchachu, na juu yake huwekwa nanasi, tango, kitunguu na majani ya nanaa. Muungano wa uchachu na pilipili katika mchuzi mzito si mgeni kwa mlaji wa urojo wa Unguja, ingawa urojo hauna tambi bali viazi, bajia na kachori.

Laksa ilibaki chakula cha sikukuu na cha kununua kwa wachuuzi kwa muda mrefu, kwa sababu kinu kilidai saa nyingi. Ilipata nafasi katika siku za kawaida pale rojo lake lilipoanza kuuzwa sokoni likiwa limekwisha kupondwa, na baadaye katika pakiti. Hatua iliyopigwa Sichuan kwa mitungi ilirudiwa hapa kwa njia nyingine.

Banda la Ikeda (1945–1971)

Japani ilijua tambi za Kichina kupitia wahamiaji wa Yokohama na miji mingine ya bandari. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ilikuwa na njaa, na Marekani ilipeleka ngano kwa wingi. Serikali iliwahimiza watu wale mkate. Momofuku Ando, mfanyabiashara aliyezaliwa Taiwan mwaka 1910 na kuishi Osaka, aliona watu wakipanga foleni kwenye baridi kwa ajili ya bakuli la tambi, akaamini kuwa unga huo ulifaa kuliwa kwa namna waliyoizoea.

Mwaka 1957 chama cha mikopo alichokiongoza kilianguka, akapoteza karibu mali yake yote. Alijenga banda nyuma ya nyumba yake mjini Ikeda, akafanya majaribio humo kwa karibu mwaka mzima. Tatizo lilikuwa kukausha tambi zilizokwisha kuiva kwa namna itakayoziruhusu kunywa maji upesi. Jibu alilipata katika kikaango, alipomtazama mkewe akikaanga tempura, vipande vya chakula vilivyochovywa katika rojo la unga. Tambi zenye unyevu zikitumbukizwa katika mafuta ya moto, maji hutoka kwa nguvu na kuacha matundu madogo. Maji ya moto yakimiminwa baadaye hupenya matundu hayo, na tambi hulainika kwa dakika 2. Tarehe 25 Agosti 1958 zilianza kuuzwa kwa yen 35, wakati tambi mbichi za udon zilikuwa za yen 6 hivi. Bei ilipungua uzalishaji ulipokua.

Tambi hizo za kwanza zilikuwa na ladha ya kuku na hazikuwa kali hata kidogo. Umuhimu wake kwa historia hii ni kwamba zilihamisha kiwandani kazi mbili zilizokuwa zimebaki nyumbani: kukanda unga na kuchemsha mchuzi. Mwaka 1964 Ando aliwaunganisha watengenezaji katika chama kimoja na kuwaruhusu wengine kutumia ufundi wake, jambo lililofungua mlango kwa nchi jirani. Mwaka 1971 kampuni yake, Nissin, ilitoa tambi za kikombe, ambazo hazikuhitaji hata sufuria.

Korea yaongeza pilipili (1963–1986)

Korea Kusini ya miaka ya 1960 ilikuwa na upungufu wa mchele na wingi wa ngano ya msaada kutoka Marekani. Jeon Jung-yun, mwanzilishi wa kampuni ya Samyang, aliona mjini Seoul watu wakipanga foleni kununua uji uliopikwa kwa makombo ya kambi za jeshi la Marekani. Alikwenda Japani, akapewa ufundi na kampuni ya Myojo, na Septemba 1963 akatoa tambi za pakiti za kwanza za Korea kwa won 10. Serikali iliunga mkono kwa kampeni ya kuwataka wananchi kupunguza wali na kula vyakula vya unga.

Ladha ya Kijapani haikuwatosheleza Wakorea, ambao kwa zaidi ya karne mbili walikuwa wamezoea kimchi, yaani mboga zilizochachushwa, na michuzi yenye pilipili nyekundu. Watengenezaji wakaongeza unga wa pilipili katika kifuko cha viungo. Badiliko hilo lilifikia kilele mwaka 1986, kampuni ya Nongshim ilipotoa Shin Ramyun, yenye mchuzi wa ng’ombe na pilipili, ambayo ikaongoza soko la Korea na kuuzwa duniani kote. Pilipili ambayo Yi Su-gwang aliionya kuwa sumu ndiyo iliyokuwa sababu ya kuinunua.

Wapishi wa nyumbani hawakukiachia kifuko kila kitu. Yai lilivunjwa ndani ya mchuzi dakika ya mwisho, kimchi iliyokomaa ikaongezwa, vitunguu vya majani vikakatwa juu. Pakiti ikawa msingi ambao kila nyumba ilijenga juu yake.

Kutoka Jakarta hadi Afrika (1968 na kuendelea)

Indonesia ilipitia njia hiyo hiyo ya ngano ya msaada. Supermi ilianza kuuzwa mwaka 1968, kinu kikubwa cha unga cha Bogasari kilifunguliwa Jakarta mwaka 1971, na Indomie ikaingia sokoni mwaka 1972. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuja tambi yake ya kukaanga, isiyo na supu, yenye vifuko kadhaa: mafuta, sosi tamu ya soya, unga wa viungo na pilipili. Kuweka pilipili katika kifuko chake kulimpa mpishi uhuru wa kupima ukali, na mtoto na mtu mzima wakaweza kula kutoka katika pakiti za aina moja.

Indomie ilifika Nigeria mwaka 1988 na kiwanda kikajengwa huko mwaka 1995. Ilifika pia Kenya na Tanzania, ambako wengi hutumia jina lake kwa tambi zozote za pakiti. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na tambi zake tangu zamani, zenye asili ya India na nchi za Kiislamu: hukaangwa katika samli au mafuta hadi ziwe za kahawia, zikapikwa kwa sukari, iliki na zabibu, hasa mwezi wa Ramadhani. Tambi za supu na pilipili zilikuwa kitu kingine, nazo zilishika nafasi ya chakula cha haraka cha wanafunzi na wapangaji wa chumba kimoja. Hupikwa kwa nyanya, kitunguu, karoti, yai na pilipili mbichi.

Ukali kama shindano, na chumvi ya pakiti (2012 hadi sasa)

Mwaka 2012 Samyang ilitoa tambi za Buldak, kali kupita kiasi, na video za watu wakijaribu kuzimaliza zikazitangaza duniani. Juni 2024 mamlaka ya chakula ya Denmark iliagiza aina tatu ziondolewe madukani, ikihofia kiasi cha kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali wake. Mwezi uliofuata iliruhusu mbili kati yake zirudi. Kufikia wakati huo dunia ilikuwa ikila pakiti na vikombe vya tambi za aina hii yapata bilioni 120 kwa mwaka, China ikiongoza na Indonesia ikifuata.

Wingi huo umeleta swali la afya, na swali lenyewe linahusu chumvi zaidi kuliko pilipili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na pakiti moja yenye supu mara nyingi huwa na zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Njia inayotumiwa na wapishi wengi ni kutia nusu ya kifuko na kuziba pengo kwa vitu vya kale: tangawizi, kitunguu saumu, ukwaju au ndimu, na pilipili mbichi au mafuta ya pilipili ya nyumbani. Kwa namna hiyo pilipili imerudia kazi iliyoifanya Guizhou miaka 300 iliyopita, ya kukipa chakula ladha mahali pa chumvi. Ila wakati ule chumvi ilikosekana, na sasa imezidi.